Sauti ya Pili Langoni

Wewe. Ndiyo, wewe unayesoma huku umekunja mguu. Usijifanye hukuona. Wiki iliyopita nilikuacha ndani ya kituo cha kuzuilia wahamiaji, mtoto mchanga analia mpaka sauti inamkauka, na mwanamke aliyembeba ameambiwa neno moja tu: "Mnyonyeshe." Ukafanya nini? Ukakunja gazeti, ukafungia sabuni, ukasema maskini, ndivyo dunia ilivyo. Dunia haiko hivyo. Dunia imefanywa hivyo, na walioifanya wana ofisi, wana madereva, na wengine uliwapigia kura wewe mwenyewe huku unashangilia.

Haya. Rudi chumbani.

"Mnyonyeshe, mwanangu," alirudia Mama Hoja. "Mtoto ana njaa."

Mama Hoja ni mbunge. Jina hilo wenzake walimpa kwa kumdhihaki, maana hakipiti kikao hajasimama na hoja. Safari hii amesimama na muswada mzima: mtu aliyekimbilia nchi hii asirudishwe alikotoka kabla ya kusikilizwa, na mama asitenganishwe na mwanawe. Kura inapigwa kesho. Amekuja mpakani kumtafuta mama mmoja, mshonaji wa nguo, aliyekubali kusimama mbele ya Bunge na kusema yaliyompata. Amekuja bila kubisha hodi, akute mambo kama yalivyo.

Aliyakuta kama yalivyopangwa.

Kuta zilinuka rangi mbichi. Shuka za vitandani zilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Na huyu mwanamke aliyeletwa mbele yake, akaambiwa ndiye mshonaji, alikuwa anazungumza kama aliyemeza kanda: hapa tunakula, tunalala, hatuna shida, tunaishukuru serikali.

Mwanamke akamtazama mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo, bwana mmoja ambaye viatu vyake vinang'aa kuliko roho yake, akachekea puani.

"Ana haya, Mheshimiwa. Mbele za wageni, unajua tena."

"Basi wanaume tokeni nje."

"Utaratibu hauruhusu."

"Utaratibu gani unaomkodolea macho mama anayenyonyesha?"

Mkuu hakutoka. Mwanamke akampakata mtoto upande wa kushoto, akamhamishia kulia. Mtoto akajipinda, akarudisha kichwa nyuma, akamsukuma kifuani kwa viganja vyote viwili. Mtoto hajui siasa wala haogopi cheo. Anaijua harufu ya mama yake, na hii siyo.

Ndipo mkalimani akasogea. Huyu ni dada mmoja mwembamba, mpole wa sauti, aliyevuka mpaka huu huu miaka mingi nyuma, akapata karatasi zake za ukaazi, na sasa huwatafsiria wabunge. Akamsemesha yule mwanamke kwa lugha ya ng'ambo.

Mwanamke akabaki mdomo wazi.

"Nimemuuliza mtoto anaitwa nani," alisema mkalimani. "Haelewi. Mtu wa kwetu haelewi lugha ya kwetu."

"Ameisahau," alidakia mkuu.

"Lugha aliyonyonya nayo?"

"Wengine wana vichwa vyepesi."

Mwanamke akakaa kitandani kama aliyekatwa kamba, machozi yakamtoka. "Mimi mpishi, jamani! Napika hapa! Gauni lenyewe si langu, limebanwa kwa pini mgongoni, linanichoma tangu asubuhi. Mama wa mtoto yuko kwenye basi, kule nyuma, uani. Linavuka sasa hivi. Nimeambiwa nikikataa, kazi sina."

"Kimya wewe!" mkuu alinguruma. "Jana kutwa tumekufundisha, halafu..."

Akajiuma ulimi. Neno lilikuwa limekwisha toka, na neno si kuku ukaliita likarudi bandani.

"Jana kutwa?" Mama Hoja aligeuka polepole. "Jana ulijuaje kuwa leo tunakuja?"

Shaka ikaingia chumbani, ikakaa kitako kama mgeni aliyekuja na sanduku.

Hesabu ni fupi. Safari hii waliijua watu watatu. Mama Hoja mwenyewe. Mkalimani. Na mzee mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, fimbo mkononi, koti limefungwa vifungo vyote: Mzee Kanuni. Huyu ni mbunge tangu zamani, mshirika wa Mama Hoja katika muswada, na waandishi wa habari walimbatiza jina hilo kwa sababu kanuni za Bunge anazisoma kwa moyo kama wengine wanavyosoma dua.

Mzee Kanuni akamvuta Mama Hoja pembeni, lakini sauti hakuivuta. "Binti yangu, nilikuonya. Kikulacho ki nguoni mwako. Hawa watu wana ndugu zao humu ndani. Mtu hutoa siri akapata upendeleo."

"Hawa watu?" Mkalimani alisikia. "Asubuhi garini nilikuwa 'mwanangu', ukala machungwa yangu. Sasa nimekuwa hawa watu?"

"Usinivunjie heshima, wewe!"

"Heshima umeiangusha mwenyewe, baba. Mimi nimeikanyaga tu."

Hapa mimi namkasirikia Mama Hoja, na wewe mkasirikie. Mwanamke aliyepigania haki za wageni mpaka akaitwa msaliti wa nchi yake, alimnyooshea mkalimani kiganja.

"Nipe simu yako, mdogo wangu. Niondoe shaka tu."

Mkalimani akaitoa simu. "Chukua, dada. Na mkoba je? Na viatu nivue? Askari wa kwanza niliyekutana naye nilipovuka alinivua viatu. Nimezoea."

Mimi nina kumbukumbu mbaya: haisahau. Nakumbuka enzi za vita vyetu, sisi ndio tuliovuka kwenda upande ule. Wengine mnaosoma hapa mlizaliwa kule, chini ya paa la mtu asiyewajua. Yule mwenye nyumba hakuuliza karatasi. Aliuliza, "Mmekula?" Akawahamisha wanawe kitandani akawalaza wenu. Leo wajukuu zake wanabisha hodi, tunawaita hawa watu, na tunawapaka rangi ya kuta machoni ili wabunge wasiwaone.

Tuendelee, nisije nikachana karatasi.

Simu ilikuwa safi. Mkalimani alikuwa amempigia mama yake, akampigia fundi wa friji, akampigia mama yake tena.

Mkuu wa kituo alicheka, safari hii kwa mdomo mzima. "Mnanifurahisha nyinyi! Mnadhani nina majasusi? Mimi nina redio. Kila asubuhi nasikiliza Bunge, napenda mnavyotukanana kwa adabu. Jana Spika akasoma matangazo: waheshimiwa wawili wameomba udhuru, hawatakuwepo kikaoni, wanakwenda mpakani kukagua kituo cha wahamiaji. Nikazima redio, nikaagiza rangi."

Mama Hoja hakuomba udhuru wowote, na jana aliingia ukumbini matangazo yamekwisha somwa. Akageuka kumtazama Mzee Kanuni.

Mzee alijinyoosha juu ya fimbo yake. "Kanuni ni kanuni. Mbunge hakosi kikao bila ruhusa ya Spika. Tangu niingie Bungeni sijatoroka hata siku moja kama mtoro wa shule. Nilituombea sote wawili."

"Baba! Tunakwenda kuvizia, wewe unapiga mbiu?"

"Sikupiga mbiu. Nilifuata utaratibu."

Niambie, nani mwingine duniani angefanya hivi? Mwizi haombi ruhusa ya kunyatia. Paka hamtangazii panya. Ni mbunge tu, tena mbunge mzoefu, anayeweza kuomba kibali cha kushtukiza, kikasomwa kwa kipaza sauti, na kumbukumbu rasmi zikaandikwa. Mama Hoja akamrudishia mkalimani simu kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nimekukosea."

"Utaniomba radhi basi likisimama, dada. Twende."

Walitoka mbio kwenye ukumbi mwembamba, mpishi nyuma yao na mtoto begani, mkuu akifoka kwamba huko hakuna ruhusa. Mzee Kanuni alifuata kwa mwendo wake wa fimbo. Njiani mkalimani akamsogelea Mama Hoja, akamnong'oneza.

"Nikuulize kitu. Mkiomba udhuru huko Bungeni, lazima mtaje mnakokwenda?"

Mama Hoja nusura ajikwae.

"Hapana," alisema. "Tunasema 'shughuli za jimbo'. Basi. Mtu akienda harusini, shughuli za jimbo. Akiumwa jino, shughuli za jimbo."

"Na mzee hajui hilo?"

Mama Hoja aligeuka nyuma, akaisikiliza ile fimbo, ko, ko, ko, inavyogonga sakafu bila haraka yoyote.

Uani palikuwa na basi moja la rangi ya majivu, madirisha yamewekewa nyavu za chuma. Injini ilikuwa inanguruma. Mbele yake lango, na mbele ya lango barabara fupi, halafu mpaka wenyewe.

"Ipo njia moja," Mama Hoja alimwambia mkalimani, anahema. "Sheria ya zamani, hawajakumbuka kuifuta. Wabunge wawili wakisimama papo hapo, wakapinga kwa vinywa vyao, mtu havushwi mpaka hakimu amsikilize. Si kwa simu, si kwa barua. Sauti mbili. Ndiyo maana nilimleta mzee."

"Basi omba Mungu awe ni mzee uliyemleta, si adui."

Kwenye dirisha la tatu palikuwa na uso. Mwanamke kijana, vidole vimeingia kwenye nyavu mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa maziwa. Mwili wake ulimsikia mtoto kabla ya masikio yake.

Huyo hapo mshonaji.

Mpishi alimkimbilia, pini za mgongoni zinafyatuka moja moja. "Shoga, nisamehe! Mchukue mwanao! Mchukue, nitampitishia mlangoni!"

Na hapo, wewe uliyejiandaa kulia machozi ya furaha, yafute. Mshonaji alitikisa kichwa. Alisema kitu kwa lugha yake, kwa haraka, akirudia rudia.

"Anasemaje?" Mama Hoja aliuliza.

Mkalimani alikuwa ameshika mdomo. "Anasema asipewe. Anasema mtoto abaki. Waliomuua mumewe ndio wanaokagua watu hapo ng'ambo, kizuizi cha kwanza. Wanamjua kwa sura. Akivuka na mtoto, watakufa wawili. Akivuka peke yake, mmoja. Anasema... mpishi ana mikono mizuri, amlee."

Mpishi alikaa chini pale pale kwenye mafuta ya gari, na mtoto mapajani.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunaimba hivyo harusini na kwenye ubatizo. Haya, huo ndio uchungu wenyewe. Umeuona? Unamfundisha mama namna ya kumkosa mwanawe.

Mama Hoja akaenda kusimama mbele ya basi, kioo cha mbele kikamtazama kama jicho la samaki. Dereva alipiga honi. Akapiga tena. Mama Hoja akaweka mkono juu ya bamba la mbele, lilikuwa la moto, hakuuondoa.

"Mimi, mbunge wa wananchi," alisema kwa sauti ya Bungeni, ile inayofika mpaka viti vya nyuma, "nikiwa hapa kwa miguu yangu, napinga mama huyu kuvushwa mpaka kabla hajasikilizwa na hakimu!"

Injini ikapungua. Dereva akachungulia nje, akamtazama bosi wake.

Mkuu wa kituo alikuwa anatabasamu. "Vizuri sana, Mheshimiwa. Kumbe unaijua. Na mimi naijua. Hiyo ni sauti moja." Akaonyesha kwa kidevu. "Ya pili iko wapi?"

Ya pili ilikuwa imesimama kivulini, ukutani, simu sikioni.

"Ndiyo, mkubwa," Mzee Kanuni alikuwa anasema. "Nimekuelewa. Ndiyo. Nitamweleza."

Akatia simu mfukoni, akaja polepole, akasimama hatua chache tu kutoka kwenye basi. Alionekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Binti yangu, sikiliza kabla hujanitukana. Huyo alikuwa mnadhimu wetu." Mnadhimu, kama hujui, ndiye mpanga kura wa chama: akisema ndiyo, wote ndiyo, akikohoa, wote wanakohoa. "Ametoa neno lake. Tukiliacha basi hili lipite kimya, bila makelele, bila magazeti, kesho chama kizima kinaupigia kura muswada wetu. Unapita! Miaka yote hii, binti yangu. Maelfu ya watu watalindwa. Tumekula ng'ombe mzima, tusishindwe na mkia."

"Mkia huo una watu ndani, baba."

"Basi moja kwa sheria nzima! Piga hesabu!"

"Panda wewe hilo basi, halafu nipigie hesabu kutokea ndani."

Mzee alifumba macho. Unaweza kumchukia, lakini usidanganyike kuwa maneno yake hayana uzito. Nimeona watu wazuri wakiuza mtu mmoja ili waokoe kumi. Nakumbuka na bei iliyofuata: wale kumi nao waliuzwa, kila mmoja kwa wakati wake, kwa hoja ile ile, na muuzaji akilia machozi ya kweli.

Mkalimani ndiye aliyeuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini ilisikika uani pote.

"Baba, samahani. Redioni walitangaza kituo. Basi hawakulitangaza. Sisi wenyewe tumeambiwa habari ya basi na huyu mpishi, sasa hivi. Mnadhimu yuko mjini." Akapumua. "Amejuaje kuna basi?"

Mzee Kanuni aligusa mfuko wenye simu.

Mkuu wa kituo ghafla akapendezwa na ncha za viatu vyake.

"Ulimwambia wewe?" Mama Hoja aliuliza. "Sasa hivi, kwenye simu? Au alikuambia yeye, kabla hatujaondoka mjini? Ndiyo maana ulimtajia Spika tunakokwenda, baba? Wapate siku nzima ya kupaka rangi na kutafuta basi?"

"Mimi... kanuni inasema..."

"Sikuulizi kanuni! Nakuuliza wewe!"

Ndani ya basi mtu alianza kugonga ubavu wa gari kwa kiganja. Mwingine akaungana naye. Halafu wote. Mshonaji peke yake hakugonga. Alikuwa anamtazama mtoto, anamkariri, kama mtu anayetazama sura ambayo itabidi imtoshe maisha yote.

Mkuu akainua mkono. Askari wawili wakamshika Mama Hoja mabega, kwa adabu, Mheshimiwa samahani Mheshimiwa, wakaanza kumsogeza pembeni. Lango likaanza kufunguka, chuma juu ya chuma, kelele ya kukwaruza meno.

"Mzee!" Mama Hoja alipiga ukelele, mguu wake mmoja bado uko mbele ya gurudumu. "Sitaki uungame! Sitaki kujua nani alikununua! Nataka sauti yako tu! Sema neno, halafu kesho tutagombana!"

Basi likasogea kidogo. Likasimama. Dereva alikuwa amekanyaga breki.

Mzee Kanuni aliiachia fimbo yake. Ilianguka, hakuinama kuiokota. Akapiga hatua moja kuelekea barabarani. Simu yake ikaanza kulia mfukoni. Akapiga hatua ya pili. Simu inalia. Akasimama katikati, kati ya gurudumu na lango, akamtazama mkuu, akamtazama mwanamke wa dirishani, akavuta pumzi ndefu kama ya mtu anayetaka kuhutubia.

"Mimi," alisema, "mbunge wa..."

Naweka kalamu chini. Nimekuudhi? Afadhali. Ukikaa wiki nzima unajiuliza mzee mmoja wa hadithini alimalizia vipi sentensi yake, utakuwa umepata njia nyingine ya kutofanya kitu.

Unaye mbunge wako. Anaishi, anakula, ana simu, na kabla ya uchaguzi alikupa namba yake na kukuita ndugu. Mpigie. Si kesho, leo, kabla hujatia gazeti hili chini ya godoro. Asipopokea, mfuate ofisini, mngoje mlangoni, kaa kwenye benchi lake mpaka alichoke. Akitoka, usimsalimie kwa kirefu. Muulize: siku mama mmoja amewekwa kwenye basi, na mwenzako amekwisha simama peke yake mbele ya gurudumu, sauti ya pili itakuwa yako?

Akianza kukueleza utaratibu, mkatize. Muulize tena. Inuka.